Uliza Tukujibu: Rap ya London Inayokwaruza, Redio za Marekani Zitaipiga?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba rap ngumu ya Uingereza "imeshindwa Marekani", nikapita zangu. Nimekoma. Meseji zimeingia mpaka simu ikaanza kunionya haina nafasi, wengine wanatukana kistaarabu, wengine wanatukana tu. Kwahiyo leo ukurasa wote ni huo, wa mapenzi na wa kodi za nyumba mtanisamehe mpaka mwezi ujao.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi na washkaji hapa kijiweni tunabishana wiki ya pili sasa. Mimi nasema ile rap ya London, ile ngumu yenyewe, graimu na drili, haitakaa ipigwe kwenye redio kubwa za Marekani, kwanza inakwaruza masikio afu pili Wamarekani hawaelewi wale jamaa wanaongea nini. Mshkaji wangu anasema we mbona Central Cee, yule rapa wa London, katoboa. Tumewekeana kreti la soda. Tuamulie.
*Msomaji, Tabata Kimanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kreti usilinunue kwanza, usilipokee pia, maana kwa ninavyoona wewe jibu umelipatia nusu ila sababu zako zote mbili umekosea.

Ngoja nikupe kisa. Mwaka 2004 nilikuwa nafanya redio moja hapa mjini, siitaji, zamu ya usiku wa manane, ile wanayopewa watoto wapya na watu waliogombana na bosi, na mimi nilikuwa vyote viwili. Mtoto wa mama mkubwa alikuwa karudi likizo kutoka London Mashariki akaniletea CD ya dogo mmoja anaitwa Dizzee Rascal, mtoto wa Bow, albamu ya kwanza, Boy in da Corner. Akaniambia huyu kachukua tuzo ya Mercury mwaka jana akiwa na miaka 18, yani tuzo ile ambayo Waingereza wanampa mtu mwenye albamu bora ya mwaka, na biti zake za mwanzo kazitengenezea kwenye kompyuta ya shule. Nikasema hii lazima mji uisikie.

Nikaiweka kama saa nane na nusu usiku. Haijaisha dakika, simu ya studio hiyo, dereva teksi wa Mwenge: "Kaka mitambo yenu imeungua, huku zinatoka kelele tu." Nikamwambia bro hiyo ni ngoma. Akanyamaza, afu akasema kwa upole kabisa, "Basi tuwekee ngoma." Sijakata simu vizuri namuona mlinzi wetu, mzee wa makamo, kapanda ngazi na tochi yake anamulika kioo cha studio kuangalia kama nimelalia mashine. Nikaitoa, nikaweka Sean Paul, ile Get Busy iliyokuwa imeshika namba moja Marekani nzima mwaka 2003. Simu kimya. Mzee akageuka akashuka ngazi huku bega moja linacheza.

Sa niambie, kati ya dereva teksi, mlinzi na mimi mwenyewe mtangazaji, nani alikuwa anaelewa Sean Paul anasema nini pale? Hakuna. Na mama wa Kimarekani anayeendesha gari kwenda kazini naye alikuwa haelewi, kile ni Kijamaika cha Kingston hakijachujwa hata kidogo, na wakakipandisha mpaka kileleni. Kwahiyo hii habari ya lafudhi kila mtu anairudia kama kasuku lakini haisimami. Lafudhi ngumu ikiwa imekaa juu ya mdundo ambao mwili wako tayari unaujua, unaimezea. Ikiwa juu ya mdundo ambao mwili haujui uweke wapi mguu, hata mtu angerap Kiswahili cha Unguja safi ungesema huyu anabwabwaja.

Haya, kelele sasa. Watu wanasema muziki ule mchafu, unakwaruza, na kweli jina lenyewe graimu kwao ni ule uchafu sugu kama masizi ya sufuria ya mkaa. Lakini Wamarekani hawaogopi kelele, tuache uongo. Mwaka 2002 wale ndugu wawili wa Virginia, Clipse, walitoa Grindin', biti ni kama mtu anapiga dawati kwa ngumi, hamna kinanda hamna gita, watoto wa shule wakawa wanaigonga kwenye meza za kulia chakula nchi nzima. Ikaingia 40 bora ya Billboard, ile chati kubwa ya nyimbo Marekani, na redio zikaipiga. Afu kuna hii ambayo nikiwaambia watu hawaamini: Dizzee mwaka 2003 katoa Fix Up, Look Sharp, ndani kachukua ngoma, namaanisha zile dramu, kutoka kwenye wimbo wa zamani wa mwanarock wa Kimarekani Billy Squier, The Big Beat. Miezi michache mbele, mwishoni mwa mwaka huohuo, Jay-Z katoa albamu na ndani yake kuna 99 Problems, dramu zinatoka wapi? Kwa Billy Squier, wimbo uleule. Wa Jay-Z ukapigwa mpaka leo, wa Dizzee Marekani uliishia kwa wasomaji wa magazeti ya muziki. Dramu zile zile, mwaka ule ule, na zote mbili zinagonga kama nyundo ya fundi bati.

Kwahiyo kelele si kesi. Kesi nazoziona mimi ni mbili, moja ya barabara na moja ya uzazi.

Ya barabara ni hii. Uingereza BBC ni ya nchi nzima. Wana 1Xtra toka 2002, ipo kwa ajili ya muziki wa watu weusi, na ngoma ikikubalika pale ikapanda Radio 1, siku hiyohiyo inasikika Glasgow mpaka Bristol. Ni kama umepanda mwendokasi Kimara, unakaa zako unashuka Kivukoni. Marekani hakuna mwendokasi. Ni daladala mwanzo mwisho. Kila mji una stesheni zake, zimegawanywa makundi, kuna za hip hop na R&B, kuna za kudansi dansi, kuna za pop, ngoma ya rap inaanzia kundi la kwanza, ikifanya vizuri inahamia la pili, ikibahatika ndo inaingia la pop ambalo ndo lina watu wengi. Kila kituo unashuka unatafuta gari lingine. Na kila konda ana nauli yake: lebo kubwa zina watu wa kuzunguka kubembeleza wakuu wa vipindi, na kuna kipindi kubembeleza kukawa kuhonga, mwaka 2005 Sony BMG walilipa dola milioni 10 kumaliza kesi hiyo na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Afu ongeza kwamba toka sheria ya 1996 ilipoondoa ukomo wa kampuni moja kumiliki stesheni 40 tu nchi nzima, kampuni chache zikameza stesheni, Clear Channel ilifika zaidi ya 1,200, siku hizi inaitwa iHeartMedia na bado wana zaidi ya 850. Mtu wa hivyo hajaribu vitu. Anapiga kile kilichopimwa. Na kupima kwenyewe wanachukua vipande vya sekunde chache vya korasi wanawasikilizisha watu, wanauliza umeupenda, umeuchoka, unaujua.

Sekunde chache za korasi. Shika hapo.

Kwasababu kesi ya pili, ya uzazi, ni kwamba graimu haikuzaliwa na korasi. Ilizaliwa kwenye redio za wizi. Watoto wa London Mashariki miaka ile ya 2000 mwanzoni walikuwa wanapanda juu ya maghorofa ya manispaa, yale marefu ya kupanga, wanafunga antena usiku, chini kwenye chumba cha mtu wanaweka mashine mbili za kuchezea sahani za muziki na maiki moja, wanarusha hewani bila leseni, jamaa wa mamlaka wakija kung'oa antena kesho wanafunga nyingine. Rinse FM ilianza hivyo 1994 na ilikuja kupata leseni 2010, hesabu mwenyewe miaka waliyokimbizana. Sa ndani ya kile chumba kuna vijana sita saba wanagombea maiki moja. Dj anapiga biti za midundo 140 kwa dakika, hazina maneno, na kila kijana ana mistari yake nane au kumi na sita, anaitema haraka kabla mwenzie hajamnyang'anya. Hakuna anayekaa kuandika korasi pale, utaimba korasi wakati jamaa ana mkono kwenye maiki yako? Raha yenyewe ni kijana akitema mstari mzito watu wanapiga kelele, Dj anakamata sahani anairudisha nyuma, ngoma inaanza upya. Ndo hapo watu wanapata kichaa. Sa chukua ile raha, kata sekunde chache, mpelekee mama wa Ohio muulize umeupenda? Atakwambia kama yule dereva wangu wa Mwenge.

(Na huu muziki mama yake ni ule wanaouita gereji, sio ile ya Gerezani kwa mafundi, japo kwa sauti zake ungeweza kuchanganya.)

Hata huko Marekani CD ya Dizzee ilitolewa Januari 2004 na Matador, lebo ya New York inayojulikana kwa bendi za magitaa. Waliipenda kweli, lakini lebo ya magitaa inamjua nani kwenye stesheni ya hip hop ya Atlanta? Hamna mtu wa kulipa nauli.

Sa uamuzi, na hapa mshkaji wako asogee karibu. Muziki mgumu wa London umeshapita kwenye redio za Marekani. Umepita ila haujapita na mdomo wake. Mdundo ulivuka bahari, mdomo ukabaki Heathrow unasubiri viza. Kumbuka Pop Smoke, Mungu amrehemu, kijana wa Canarsie kule Brooklyn. Sauti yake Kimarekani kabisa. Lakini zile biti, besi inateleza kama gari limekosa breki kwenye matope, hai-hati zinarukaruka, zile kazifanya 808Melo, mtoto wa London Mashariki ambaye Pop Smoke alimkuta YouTube. Wimbo wake Dior ulifika namba 22 kwenye Hot 100, chati ileile ya Billboard, mwaka 2020, ilikuwa inalia kwenye magari, redioni, mpaka kwenye maandamano ya mwaka ule. Na yenyewe hiyo drili ilikuwa imesafiri safari ya kwenda na kurudi: ikatoka Chicago na kina Chief Keef 2012, ikaenda Brixton, London, ikapigwa msasa upya kwa mwendo wa kina graimu, midundo 140, ikarudi New York imebadilika sura na Wamarekani wakaipokea kama ya kwao. Mtoto wao alikuwa kaenda kusoma nje.

SWALI: Kaka habari za kazi. Sasa kama ni hivyo si walainishe tu? Waweke korasi ya kuimba, wamtafute dada mwenye sauti nzuri, biashara iende. Kwani lazima wakwaruze?
*Dada msomaji, Ilala Bungoni*

JIBU: Nzuri dada, za kwako. Wamelainisha sana tu. Dizzee huyohuyo baada ya albamu tatu akalegeza, 2008 na 2009 akawa anashika namba moja Uingereza na ngoma za kudansi, Bonkers ilikuwa kila kona. Marekani? Kimya kile kile. Amepoteza mkwaruzo na redio hakuipata, hiyo ndo hasara mara mbili. Tinie Tempah alilainisha vizuri zaidi, korasi kubwa ya kuimba, Written in the Stars ikafika namba 12 kwenye Hot 100 mwaka 2011, hongera zake, ila baada ya pale redio za kule hazikumkumbuka tena.

Aliyepatia kwa kulainisha ni Estelle. Yule dada wa London Magharibi alianza akiwa anarap, watu wengi hawajui, afu akahamia Marekani akasainiwa na lebo ya John Legend, akaimba, akamuweka Kanye West pembeni, American Boy ikaingia kumi bora 2008 na Grammy akachukua. Lakini angalia alichofanya: kahama nyumba, kahama lebo, kahama kutoka kurap kwenda kuimba. Kilichobaki cha London ni zile "r" anazozimeza.

Na sasa nikugeuzie. M.I.A. naye wa London, hakulainisha kitu. Paper Planes korasi yake ni milio ya bunduki na mashine ya duka ya kutunzia hela, ile "kching". Kuna televisheni kule walizima milio ya risasi alipotumbuiza, yeye akalalamika sana. Ngoma ikatoka kwenye albamu ya 2007, ikakaa, 2008 trela ya filamu moja ya vichekesho ikaitumia, watu wakaanza kuitafuta, redio zikalazimika, ikafika namba nne. Yani redio haikuifungulia mlango, ilikuta wageni washajaa sebuleni. Kwahiyo dada yangu mimi nasema kulainisha si njia ya uhakika kama watu wanavyodhani. Wakati mwingine chenye kukwaruza ndo watu wanakikumbuka, mradi kina korasi, hata kama korasi yenyewe ni bastola.

SWALI: We mzee mbona hujibu la Central Cee? Hot 100 yuko, albamu yuko, unamkwepa kwanini?
*Msomaji, Mbagala Rangi Tatu*

JIBU: Simkwepi, nilikuwa namtafutia nafasi. Na salamu hukunipa, lakini haya.

Central Cee wa Shepherd's Bush ndo aliyefika mbali kwa kizazi hiki, hilo halina ubishi. Band4Band na Lil Baby mwaka 2024 iliingia ishirini bora. Albamu yake ya Januari 2025, Can't Rush Greatness, ilianzia namba tisa kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Heshima. Lakini mnachanganya chati na redio, na huu ndo ugomvi wote wa kule Tabata. Hot 100 inajumlisha watu wanaosikiliza kwenye simu, mauzo na redio, vyote kwenye sufuria moja. Dogo anaweza kupanda chati nzima kwa simu za vijana huku stesheni ya mji inampiga saa sita usiku au haimpigi kabisa. Namba ya chati haikwambii mama wa Ohio kasikia.

Afu angalia mlango aliopitia. Ile Doja ya 2022 imejengwa juu ya wimbo wa Eve, rapa wa Kimarekani, ambao kila Mmarekani wa miaka 35 kwenda juu anaujua usingizini, kwahiyo lile swali la kwenye kipimo, "unaujua?", linajibiwa kabla hajafungua mdomo. Band4Band kamuweka mtu wa Atlanta. Yani kaja na mwenyeji kamshika mkono, ndo adabu ya kuingia mtaa wa watu. Simlaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Ila linganisha na Skepta, mkongwe wa graimu. Februari 2015 Kanye kapanda jukwaa la tuzo za Brit na kundi zima la wana graimu wamevaa nyeusi, moto unawaka nyuma, Skepta akiwemo. Mwaka uliofuata Skepta akachukua Mercury na albamu Konnichiwa, akimpita marehemu David Bowie aliyekuwemo kwenye kinyang'anyiro hichohicho. Drake kachora tatuu ya kundi la Skepta. Kila mtu akasema sasa yes, mlango umefunguka. Redio ya Marekani ilimsikia kidogo lini? 2018, kwenye ngoma ya A$AP Rocky. Tena mgeni kwa mtu. Na Giggs, rapa wa Peckham kule London, alipowekwa kwenye More Life, kazi ya Drake ya 2017, vijana wa Kimarekani walimcheka mitandaoni wiki nzima, lile besi lake la sauti wakasema huyu amka kwanza, wakati kule Peckham wanaamkia shikamoo. Nilikasirika kama nimetukanwa mimi.

Kwahiyo mdau wa Mbagala: katoboa chati, ndiyo. Redio anaigonga na mwenyeji pembeni. Peke yake na lile la London tupu, bado.

SWALI: Samahani, hivi 21 Savage, yule rapa wa Atlanta, si Muingereza? Basi si tayari jibu mnalo?
*Msomaji, Upanga*

JIBU: Kazaliwa London, 1992, watu wakaja kujua Februari 2019 uhamiaji walipomkamata. Lakini karap Kiatlanta toka anaanza. Ukitaka kwenda kwa kuzaliwa hata marapa MF Doom na Slick Rick wamezaliwa London, huyo wa pili ana lafudhi kidogo imebaki mpaka leo, ila wote wawili hip hop yao ni ya New York. Kuzaliwa Temeke hakukufanyi uwe shabiki wa taarabu. Hapo sihesabu.

SWALI: Anko mimi natengeneza biti za singeli hapa Manzese. Nikisoma mambo ya hawa wa graimu naona kama mnatusema sisi. Kuna siku singeli itapigwa redio za Marekani au nihamie amapiano kama wenzangu?
*Prodyuza chipukizi, Manzese*

JIBU: Mwanangu hili swali ndo nililokuwa nalisubiri tangu naanza kujibu, sikutaka tu kulianzisha mwenyewe.

Mnafanana kuliko unavyodhani. Wao maghorofa ya manispaa, nyie uswahilini. Wao redio ya wizi, nyie vigodoro, spika zimepangwa katikati ya barabara mpaka alfajiri. Wao midundo 140 watu wanasema haraka sana, nyie mnaanzia 200 mnaenda mpaka 300, dereva wangu wa teksi angepata kifafa. MC wa singeli naye hagombei korasi, anagombea maiki na pumzi. Na nyie pia mlianza kwa kuokota vya wazazi, kinanda cha taarabu mnakiongeza mwendo mpaka kinalia kama panya, wao wakaokota gereji na dansihol ya Jamaika. Hata kudharauliwa mmefanana, nakumbuka miaka ambayo mtu akipeleka singeli redioni anaulizwa we ni mhuni wa wapi.

Na mmeshasafiri kama wao. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa ngoma za studio ya Sisso pale Mburahati, Wazungu wakauokota, vijana wetu wakaanza kuitwa kwenye matamasha Ulaya. Ila angalia aliyeipenda: yule yule msomaji wa magazeti ya muziki aliyempenda Dizzee 2004. Ni watu wazuri, wanalipa tiketi, wanalipa na hoteli. Redio hawamiliki.

Sa nikwambie ukweli kama mtoto wangu. Kwa mdomo, kwa zile shombo za mistari yenu, redio ya Marekani sahau. Siyo kwasababu ni Kiswahili. Rema kaimba na Selena Gomez ikafika namba tatu 2023, nusu ya maneno yake hata Wanigeria wanabishana ni lugha gani, na haikumzuia mtu kucheza. Ni kwamba mwili wa yule mama haujui mguu uende wapi kwenye midundo 280. Lakini wewe si MC, wewe ni mtu wa biti, na hapo ndo nakuonea wivu. 808Melo hakuomba redio ya mtu. Kaweka biti zake YouTube, kaziacha hapo, kijana wa Brooklyn kazikuta anazitafuta usiku. Wewe kata singeli yako nusu mwendo, acha kile kinanda kinalia vilevile, acha zile ngoma zinavyojikwaa, usizisafishe. Midundo 280 ukiigawa kwa mbili unapata ngapi? 140. Kaa na hiyo hesabu. Weka nyingi, andika jina lako na namba kwenye kila moja maana wezi wapo, na ukipata mtu anayeitaka usimpe mpaka mmeandikishiana asilimia, tena na mwanasheria, sio kwa mjumbe. Hilo nalisema kwa uchungu, kuna prodyuza namjua biti yake imezunguka nchi tatu na yeye bado anadaiwa umeme wa tokeni.

Nyongeza ndogo ambayo sikuipatia pa kuiweka: redio za kawaida kule Marekani, zile za masafa, hazimlipi mwimbaji hata senti kwa kupiga wimbo wake, wanalipa mtunzi tu. Kwahiyo hata huo mlango tunaougombania wote, mwenye mdomo akiingia anakuta hakuna chakula mezani. Mwenye biti, akiwa kaandikishwa kama mtunzi, anakula.

Amapiano we wachie wenzio.

Na nyie wa Tabata, kreti lina soda 24. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ikibaki ya tangawizi niwekeeni, nitapita Jumamosi.